Sakafu ya gereji iliyobanduka Mikocheni: kosa lilikuwa chini ya rangi

Kipande cha kwanza nilichookota kilikuwa kikubwa kama kiganja. Juu kilikuwa cha kijivu, kinang'aa, kigumu, hakina hata mkwaruzo. Nikakigeuza. Mgongoni kilikuwa kimeshika unga wa saruji kote, kama donge la chapati lililogaragazwa kwenye unga kabla ya kusukumwa. Nikapitisha kidole na unga ukabaki kidoleni. Nikamwonyesha mwenye nyumba: "Mama, rangi yako ni nzima. Imeshika kile ilichokuta, na ilichokuta ni vumbi."

Alinyamaza kidogo. Kwa miezi kadhaa kila aliyeingia pale alimwambia ameuziwa rangi feki, na alikuwa ameshakubali hivyo. Makopo alikuwa ameyatunza stoo. Niliyasoma: epoksi ya sehemu mbili, rangi na hadena yake ya kuigandisha, muda wake haujapita, na kwa idadi ya makopo matupu kipimo cha kuchanganya kilifuatwa. Kijana aliyeipaka hakuiba wala hakupunja. Alipaka mapema mno, kabla sakafu haijawa tayari.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu sakafu moja ilikuwa na makosa matatu tofauti, kila moja sehemu yake, na ukiliona moja tu ukalitibu, mengine mawili yanakurudisha kazini kwa hasara yako.

Gereji yenyewe ni ya nyumbani, ya magari mawili, mita sita kwa sita, Mikocheni, Dar es Salaam. Nyumba ina miaka sita. Epoksi ilipakwa Novemba, wakati wa vuli, na mimi niliitwa Aprili, masika yamekolea. Wanaolijua eneo hilo wanajua maji ya ardhini hayako mbali, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo yanapanda zaidi.

Siku ya kwanza sikubeba mashine yoyote. Nilikwenda na chaki, nyundo ndogo, chupa ya maji, karatasi za litmasi na roli ya nailoni. Nikaanza kuchora kwa chaki mipaka ya kila ugonjwa niliouona. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu baada ya nusu saa sakafu inageuka ramani na ubishi unapungua.

Katikati, kwenye njia mbili za matairi, rangi ilikuwa imetoka mabamba mabamba. Hapo ndipo nilipookota kile kipande. Gari likitoka barabarani mchana tairi linakuwa la moto. Likisimama, linailainisha rangi chini yake, na likipoa linajikunja kidogo huku limeing'ang'ania. Rangi iliyoshikana na zege inavumilia mvuto huo. Iliyokaa juu ya utando dhaifu inanyanyuka nao. Nikagonga kwa nyundo kuzunguka palipobanduka, na sehemu kubwa ikaitika kama debe. Mwenye nyumba akanieleza kwamba mafundi waliojenga walimaliza gereji kwa niru, tena walipofika mwisho jua lilikuwa kali na niru ilikauka siku ileile bila kumwagiliwa.

Basi jibu la kwanza likawa limepatikana. Niru ni saruji tupu inayopakwa laini juu ya jamvi, yaani zege la sakafu, kwa unene wa milimita mbili tatu, na nyumba zetu nyingi zina sakafu hiyo. Kwa kutembea na kudeki inatosha. Kwa kubeba epoksi haifai, hasa iliyokauka haraka, kwa kuwa haikuungana na zege la chini na uso wake ni laini kama sahani. Hata pasipo niru, zege lililosuguliwa sana kwa mwiko likiwa bado na maji huacha juu utando wa saruji na vumbi laini, maana maji yanapopanda yanabeba vitu vyepesi. Utando huo nao ukikauka unaonekana mzuri kwa macho. Ukiukwangua kwa ncha ya msumari unatoa unga.

Kwenye kona ya kushoto, karibu na meza ya vifaa, ugonjwa ulikuwa mwingine. Rangi ilikuwa imekunjamana, laini, na ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea. Mgongo wa kipande cha hapo haukuwa na unga, ulikuwa na weusi unaoteleza. Pale ndipo marehemu baba mwenye nyumba alipokuwa akimwagia oili gari lake kwa miaka. Nikauliza palisafishwaje kabla ya kupaka. Jibu: kwa petroli na tambara, kisha tindikali, kisha maji.

Hapa nina neno la kusema, kwa kuwa desturi hii ya petroli naiona kila mahali. Petroli haiondoi oili kwenye zege. Inaifanya nyepesi, na oili nyepesi inazama zaidi kwenye vitundu. Juu panaonekana pamekauka na pamepauka, fundi anaridhika, na baada ya wiki chache oili inapanda taratibu. Zaidi ya hayo, mvuke wa petroli ndani ya chumba chenye mlango mmoja unahitaji cheche moja tu ya swichi. Nimeona vijana wakifanya hivyo huku mwenzao anakata chuma hatua kumi kutoka hapo, na sitaki kuliona tena. Tindikali nayo haikufanya kazi kwenye kona ile. Inakula saruji pale inapoigusa, na penye oili haiigusi. Ilichofanya ni kuchubua kidogo pale palipokuwa pasafi, na kwa kuwa haikusuuzwa vya kutosha iliacha chumvi zake sakafuni.

Ugonjwa wa tatu ulikuwa ukutani nyuma: malengelenge. Mengine kama punje ya mahindi, mengine kama sarafu, yamejipanga kwenye ukanda wa karibu mita moja na nusu kutoka ukutani. Nikatoboa moja kwa ncha ya kisu. Likatoka tone la maji mazito kidogo, yanayonata. Nikaweka karatasi nyekundu ya litmasi na papo hapo ikawa bluu, dalili ya magadi. Maji hayo yalikuwa yamepita ndani ya zege na kubeba magadi yake. Hayakumwagika kutoka juu.

Watu wengi hudhani zege ni jiwe. Kwa kweli limejaa vinyweleo, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Sakafu ikiwa wazi, maji hayo yanatoka kama mvuke na hakuna anayeyaona. Siku unapoifunika kwa epoksi umeziba njia. Unyevu unakusanyika chini ya rangi, chumvi zilizopo pale zinavuta maji zaidi, na rangi inanyanyuka. Ndiyo maana chumvi za tindikali isiyosuuzwa ni hatari zaidi mahali penye unyevu. Kinga ya kweli huwekwa siku ya kumwaga jamvi, pale nailoni nene inapotandazwa juu ya kifusi kabla ya zege. Tulichimba kidogo pembeni, karibu na mlango, ukingo wa jamvi ukaonekana: mawe, kifusi, halafu zege. Nailoni haikuwepo.

Niliifanyia sakafu nzima vipimo viwili, na vyote havina gharama ya kumshinda mtu.

Cha kwanza ni tone la maji. Unadondosha maji kidogo kwenye zege tupu na kuangalia. Yakiingia na kuacha doa jeusi ndani ya nusu dakika au dakika moja, zege liko wazi na litapokea rangi. Yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, kuna kitu kimeziba: oili, nta, rangi ya zamani, dawa iliyopuliziwa zege wakati wa kujenga, au uso uliosuguliwa mno. Kwenye kona ya oili tone lilisimama hadi nikachoka kulingoja. Kwenye niru liliingia polepole mno. Karibu na mlango, ambako gari la kubeba mchanga liliwahi kuchubua niru, liliingia mara moja.

Cha pili ni nailoni. Unakata kipande angavu cha mraba, sentimita 45 kila upande, unakibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo, unakiacha saa 16 au zaidi. Mimi niliweka vinne na kuviacha usiku kucha hadi kesho yake mchana, karibu saa 24. Nilipovifungua, viwili vya mbele vilikuwa vikavu. Cha katikati kilikuwa na ukungu hafifu. Cha nyuma, karibu na ukuta, matone yalikuwa yananing'inia chini ya nailoni na zege limekuwa jeusi kwa umbo lilelile la mraba, kana kwamba mtu amelipiga muhuri.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Kinasema habari za siku ile tu. Ukikifanya Januari kwenye kiangazi kikavu, kinaweza kukupa jibu zuri ambalo masika italikanusha. Wenye vifaa hutoboa zege na kuweka kipimo cha unyevu ndani, na kwa jamvi la sentimita 10 linalokaukia upande mmoja kinawekwa kwenye kina cha sentimita 4. Hilo ni bora zaidi, na kwa kiwanda au hospitali nisingekubali pungufu ya hapo. Kwa gereji ya nyumbani, nailoni iliyowekwa masika imenitosha.

Maji ya nyuma yalikuwa yanatoka wapi hasa? Tulizunguka nje. Bomba la maji ya kiyoyozi cha chumba cha juu lilikuwa linadondokea chini kabisa ya ukuta wa gereji, mchana na usiku. Na ukuta wa nyuma ndio mpaka na jirani, ambaye bustani yake imeinuka juu ya usawa wa jamvi karibu shubiri mbili na humwagiliwa kila jioni. Bomba la kiyoyozi tulilihamisha siku ileile. Bustani ya jirani ni maneno ya ujirani, na hayo nilimwachia Mama.

Kisha nikamwambia jambo ambalo hakulipenda: tusipake sasa. Tubandue yote, tuache sakafu wazi ipumue hadi Julai, kipupwe, tupime tena. Akasema, "Baba, miezi mitatu yote nakaa na gereji imechunika?" Nikamjibu ndiyo, na kwamba akimpata fundi wa kuipaka wiki ijayo, rangi itakaa hadi vuli tu. Alifikiri siku mbili, akanipigia simu akakubali. Namheshimu sana kwa hilo. Wateja wengi hawakubali, na sisi mafundi tunaohitaji hela ya wiki hii hatuna ujasiri wa kuwaambia.

Julai tukarudi tukiwa watatu. Kazi nzima ilichukua siku tisa, na kati ya hizo epoksi ilichukua mbili.

Tulianza na oili, kabla ya kuwasha grinda, mashine ya kusagia zege. Mpangilio huu una sababu yake: ukisaga penye oili, meno yake ya almasi yanajipaka mafuta, na vumbi lenye oili unalisambaza hadi kwenye zege safi. Tukatumia sabuni kali ya kuondolea grisi, ile ya magadi, na maji ya moto, tukasugua kwa brashi ngumu, tukaacha ilowe, tukasugua tena, kisha tukayanyonya maji machafu kwa mashine badala ya kuyasukumia bustanini. Duru tatu. Baada ya kila duru tone la maji. Sehemu kubwa ikakubali. Kiraka kimoja cha ukubwa wa sinia, pale chini ya injini hasa, kikakataa. Oili ya miaka ilikuwa imezama. Hatukubembeleza: tukakichimba kwa tindo hadi tukakuta zege safi, kama sentimita moja na nusu, tukakijaza kwa epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa. Mchanga wa pwani ulioloa au wenye chumvi hauna nafasi kwenye mchanganyiko huo.

Ndipo tukasaga. Mashine kubwa ya kusukuma tuliikodi, na pembezoni tukatumia grinda ya mkono yenye kikombe cha almasi, zote zimeunganishwa na mashine ya kuvuta vumbi. Niru ikatoka yote. Sehemu zilizoitika kama debe zilinyanyuka zenyewe, na zilizoshika ziliisha kwa kusagwa hadi kokoto ndogo zikaanza kuonyesha vichwa. Vumbi la zege lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Hukaa humo ikijenga makovu hadi pumzi inakuwa fupi. Tambara la puani au barakoa nyembamba ya kliniki haizuii. Barakoa za vumbi laini zinazobana uso sawasawa ndizo tulizovaa, na yeyote aliyekataa kuvaa alikaa nje.

Kuna wanaouliza kwa nini nisitumie tindikali tena, vizuri zaidi safari hii. Sikatai kwamba inafanya kazi kwenye zege safi, jipya, lisilo na oili. Lakini inahitaji kusuuzwa mara nyingi, inaloanisha sakafu ambayo nimengoja miezi mitatu ikauke, na inachubua juujuu tu. Kwa jamvi lisilo na nailoni chini, kuliongezea maji na chumvi ni kujitafutia matatizo.

Sakafu iliyosagwa vizuri unaijua kwa mkono. Ukiipapasa inakwaruza kama msasa wa wastani, na kote ni vilevile. Marekani kuna taasisi ya ukarabati wa zege, ICRI, iliyotoa vibao vya mfano vyenye mikwaruzo ya viwango kumi, kuanzia laini kabisa hadi iliyochimbika sana, ili fundi na mteja walinganishe kwa macho na vidole. Kwa epoksi ya kupaka kwa rola, kiwango cha pili au cha tatu kinatosha. Ukizidisha, rangi inaishia kujaza mashimo.

Nyufa tulizifungua kwa grinda zikawa na umbo la V, tukazifagia, tukazijaza. Mkato uliowekwa makusudi katikati ya jamvi hatukuuziba kwa kitu kigumu, maana hapo ndipo zege hujinyoosha na kujikunja, na rangi ngumu juu yake itapasuka tu. Kisha vumbi: tulivuta mara mbili kwa mashine, na mwishoni nikabandika selotepu sakafuni, nikaipigapiga, nikaibandua na kuitazama kwenye mwanga. Mara ya kwanza ilitoka nyeupe. Tukavuta tena. Ikatoka karibu safi.

Nailoni nne zikarudi mahali palepale. Tatu zikatoka kavu kabisa. Ya nyuma, matone machache, safari hii kwenye nusu iliyo karibu na ukuta tu.

Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipokuwa. Zipo prima za epoksi, yaani koti la kwanza la chini, zinazovumilia unyevu, na tuliitumia moja kote tulikopaka, kwa sababu sikuuamini hata ukavu wa katikati masika ikirudi. Lakini palipo na matone yanayoonekana, na chanzo chake kiko kwa jirani, sikuwa tayari kuahidi. Nikamwambia Mama tuache ukanda wa sentimita 60 kando ya ukuta wa nyuma wazi, umesagwa na ni msafi, ila haujapakwa, ili unyevu upate pa kutokea. Macho yake hayakufurahi. Tukapiga mstari ulionyooka kwa tepu ili angalau uonekane umekusudiwa.

Kupaka kwenyewe nitakueleza kwa ufupi. Tulianza prima saa kumi alasiri, zege likiwa linapoa. Ukipaka asubuhi, jinsi linavyopata joto hewa iliyo ndani ya vitundu inapanuka na kutoka kama mapovu, na kila povu linaacha tundu. Ila jioni ina hatari yake, umande. Kanuni ni kwamba sakafu iwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwa Dar ni hali ya kila siku, hutoa umande kwenye nyuzi 24 hivi. Maana yake sakafu ikishuka chini ya nyuzi 27 unaweka kopo chini. Siku ya kwanza tulipima, tukaahirisha, tukanywa chai tukaondoka. Siku ya pili upepo ulikuwa mkavu na tukapaka. Epoksi tulichanganya kopo zima kwa hadena yake nzima, hatukukisia nusu, na tukaimimina sakafuni mapema, kwa sababu ikibaki kwenye ndoo inajipasha joto yenyewe na kuganda kabla ya muda ulioandikwa. Magari yalikaa nje wiki nzima baada ya koti la mwisho.

Mei ya mwaka uliofuata nilipita, mvua imenyesha usiku kucha. "Shikamoo Mama." "Marahaba, mwanangu, njoo uone." Njia za matairi zilikuwa nzima. Kona ya oili ngumu, ukucha hauingii. Kwenye mpaka wa ule ukanda niliona lengelenge moja dogo kama punje ya dengu, nikalizungushia chaki na kuandika tarehe pembeni yake.

Akaniuliza kama sasa tunaweza kuumalizia ule ukanda, maana anaona aibu wageni wakiuliza. Nikakata nailoni, nikaibandika pale, nikamwomba asiiguse hadi kesho. Kesho yake tuliifungua pamoja. Alikuwa wa kwanza kuinama, akapitisha kidole chini ya nailoni, akanionyesha maji kwenye ncha ya kidole. "Bado," akasema mwenyewe, akaurudisha mkeka wa viatu mahali pake.